BATTLETECH: kuijenga upya Blackjack bila kumuua rubani

Juzi usiku mdogo wangu kanipigia simu. "Kaka, hii mashine ina laana." Anacheza BATTLETECH, lile gemu la Harebrained Schemes la 2018. Kampuni yake ya mamluki ilikuwa imebaki na marubani wawili wazima, wengine wamelazwa, na siku ya mishahara ndiyo hiyo inakuja. Nikamwambia anionyeshe Blackjack yake, roboti la vita ambalo rubani hukaa ndani yake. Hajaigusa hata nati moja tangu aanze! Tukafanya hivi.

Hatua ya 1: Kalenda kwanza

Marekebisho yanakula siku, na mashine iliyoko karakana haiendi vitani. Mishahara inakatwa kila mwezi, umepigana hujapigana. Ingiza moja tu, nyingine zikatafute pesa.

Hatua ya 2: Ng'oa AC/2 zote mbili

Hapa sibishani na mtu. AC/2 ni mzinga mdogo. Kila mmoja una tani 6 na pigo la 25, pigo lile lile la leza ya kati yenye tani 1. Toa yote miwili na risasi zake, unapata tani 13. Wapo wanaoipenda kwa kuwa inafika mbali. Waache.

Hatua ya 3: Funga AC/5 moja mkononi

Huu ni mzinga mkubwa zaidi: tani 8, pigo 45. Risasi zake tani 1. Umebakiwa na tani 4.

Hatua ya 4: Risasi zikae wapi

Hii ndiyo iliyonikesha nilipokuwa mgeni. Nilizipachika ubavuni, chini kidogo ya mkono wenye mzinga, nikiona ni busara ghala likae jirani na bunduki. Gemu halina habari na ujirani huo. Mzinga unakula risasi popote zilipo. Deraya ikishaisha, kila pigo linaloingia ndani linaweza kukuta kifaa chochote. Likikuta sanduku la risasi ambalo bado lina zaidi ya nusu, linalipuka, ubavu unakwenda, mkono unaufuata na mzinga wako, na rubani anatoka na jeraha. Nilirudia pambano lile lile mpaka alfajiri. Nikabadili rubani, nikabadili njia ya kushambulia, nikajificha msituni, na bado ubavu ulifumuka.

Zipeleke mguuni. Lakini usidhani umemaliza. Mguu ukikatika mashine inaanguka na rubani anaumia, kwa hiyo deraya ya mguu huo ijazwe mpaka mwisho. Nafasi za mguuni ni chache, na roketi za kurukia nazo zinataka kukaa humo. Ikibidi, hamisha roketi, usihamishe risasi. Kifua cha kati usikifikirie kabisa, kwani mlipuko wa pale unamaliza mashine nzima. Kichwani ndiko anakokaa rubani, nadhani tumeelewana. Halafu ukifika vitani, mzinga upige mapema na mara nyingi. Sanduku likishuka chini ya nusu, umepumua.

(Mdogo wangu alizigawa kwa kununua masanduku mawili, moja kila mguu. Yote mawili yamejaa, mabomu mawili. Nilimwambia atoe moja.)

Hatua ya 5: Joto

Injini inapoza 30 kwa zamu. Leza zake nne za kati, kila moja joto 12, ni 48, na mzinga bado. Tani 3 weka vipozajoto, kila kimoja kinaondoa 3 zaidi, tani iliyobaki iende kwenye deraya. Mgongoni punguza kidogo, mbele ongeza. Mwezini joto linatoka kwa shida, kwa hiyo usifyatue zote kwa pamoja. Ukiona maji, simama ndani yake.

Hatua ya 6: Thibitisha marekebisho, kisha chukua mkataba mwepesi

Kama hazina imekauka, vuta malipo upande wa pesa, nyara baadaye.

Jana akanitumia picha. Blackjack imelala chali, mguu wa risasi haupo, na hakuna kilicholipuka maana sanduku lilikuwa karibu tupu. Rubani ana jeraha moja. Sasa anadaiwa mguu.