Kitako cha mbao cha bunduki: kipakwe rangi au kihifadhiwe?

Kitako kikichakaa, wazo la kwanza la wengi ni msasa na kopo la rangi, kazi iishe jioni hiyohiyo. Naomba ulizuie wazo hilo mpaka umalize hatua nne za mwanzo hapa chini. Kitako kilichotunzwa kwa mafuta bado unaweza kukipaka rangi mwaka ujao ukitaka. Kilichopakwa rangi hakirudi kirahisi, kwa sababu rangi huzama kwenye vitundu vya mbao, na ukiikwangua unaondoa pia ngozi ya juu ya mbao na kila alama iliyogongwa hapo. Ndiyo maana mimi huanza upande wa kuhifadhi, na kitako chenyewe ndicho kinipe sababu ya kupaka.

Hatua ya 1: Toa risasi, kisha tenganisha

Chomoa magazini, fungua bolti, tazama chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu linalokaa risasi, kwa macho, halafu ihakikishe kwa kidole. Risasi zikae chumba kingine. Fungua skrubu kwa bisibisi inayoenea sawasawa kwenye mfuo, maana iliyo nyembamba huteleza na kuchubua mbao. Toa pia bamba la nyuma, lile linaloegemea begani.

Hatua ya 2: Soma mbao

Hapa usiharakishe. Zima taa za chumba, weka tochi ubavuni mwa kitako ili mwanga upite juu ya mbao kwa mshazari. Mihuri ambayo mchana huioni itajitokeza kwa kivuli chake.

Kwenye M1 Garand ya Marekani, tafuta muhuri wa mkaguzi upande wa kushoto na herufi P ndani ya duara kwenye shingo ya kitako, yaani sehemu nyembamba inayoshikwa na mkono nyuma ya kifyatulio. Kwenye Lee-Enfield ya Uingereza, geuza mbao ya mbele uangalie chini, karibu na ncha, kama kuna namba inayolingana na ya chuma. Kwenye Mauser 98k ya Ujerumani, namba huwa imejificha ndani, kwenye mfereji wa mtutu. Wanaokusanya silaha za kale huthamini sana bunduki ambayo mbao na chuma chake vina namba moja, na muhuri uliosagwa kwa msasa umekwenda moja kwa moja. Kugonga mwingine mpya ni kughushi.

Ukikuta muhuri wa asili, kwangu uamuzi umeshapatikana: hifadhi. Hali kadhalika bunduki ya uwindaji yenye mbao ya mjozi iliyochongwa mikato ya kushikia kwa mkono. Rangi hujaza mikato hiyo, na mkono hauna tena cha kukamata.

Hatua ya 3: Jua kilichopakwa zamani

Chagua mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya bamba la nyuma. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti, usugue taratibu. Pakilainika na kunata, ni shelaki, vanishi ya utomvu inayoyeyuka kwa spiriti, ambayo utaikuta sana kwenye bunduki za Kirusi za Mosin-Nagant zilizokarabatiwa na Wasovieti baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Pasipobadilika, jaribu tone la asetoni: laka hulainika. Vanishi ngumu za kisasa huweza kustahimili vyote viwili, lakini hizo hukaa juu ya mbao kama utando unaong'aa, na zikizeeka hubanduka magamba. Kama hakuna utando wowote na mbao inanyonya tone la mafuta, ilitunzwa kwa mafuta, mara nyingi ya kitani.

Jibu hili lina uzito. Shelaki mpya huyeyusha ya zamani kidogo na kushikana nayo, hivyo mkwaruzo unazibwa bila kukwangua kitako kizima. Na mbao iliyolowa mafuta kwa miaka mingi haishiki rangi vizuri. Rangi itafura na kubanduka, hasa ikipata joto.

Hatua ya 4: Pima afya yake

Minya kwa ukucha mbao inayozunguka chuma. Ikiwa nyeusi na inabonyea, mafuta ya kulainishia chuma yameingia na kuidhoofisha. Kagua shingo ya kitako na nyuma ya chuma kama kuna nyufa. Ufa uzibwe kwa gundi ya epoksi kabla ya lolote. Rangi itauficha tu, na kila mlio utaupanua.

Hatua ya 5: Amua

Nitapaka rangi ikiwa kitako hakina alama, kimeungwa viraka vya rangi tofauti, au si cha asili ya bunduki hiyo. Pia nitapaka kama bunduki inashinda kwenye mvua. Lazima tuseme ukweli: rangi nzuri huzuia unyevu kuliko mafuta, na mbao ikivimba inaweza kuusukuma mtutu na kuhamisha shabaha. Kama kitako ni cha thamani na bado unahitaji rangi, nunua kingine cha kawaida ukipake hicho, cha asili ukiweke pakavu.

Hatua ya 6: Ukihifadhi

Futa uchafu kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo. Palipobonyea, weka kitambaa chenye maji na ugusishe pasi ya moto kwa sekunde chache. Mvuke huinua nyuzi zilizolala, ila zilizokatika haziinuki. Usifanye hivyo juu ya muhuri, kwa kuwa nao ni mbonyeo, utainuka na kufutika.

Kama kitako ni cha mafuta, paka mafuta ya kitani yaliyochemshwa (huuzwa tayari kwa jina hilo), tabaka jembamba, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima, rudia. Vitambaa ulivyotumia usivikunje wala kuvirundika: mafuta haya yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje, au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Hatua ya 7: Ukipaka

Ondoa mafuta kwa tapentaini mara kadhaa, acha ikauke kabisa, piga msasa laini namba 220, kisha rangi ya msingi, kisha tabaka nyembamba za rangi. Usisahau mwisho wa kitako chini ya bamba. Nyuzi zilizokatwa hunyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Ziba kwa utepe mahali chuma kinapokalia na mfereji wa mtutu, maana unene wa rangi hapo hubadilisha mkao. Ukishaunganisha, pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao kama bunduki yako imeundwa mtutu usiguse. Ikikwama, punguza rangi hapo, na shabaha uirekebishe upya uwanjani kabla ya kuitumia.