SOMO: Pesa na kazi za kikundi cha programu huria, jinsi ya kuziendesha bila kukosana

Naandika hii mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia linki. Wiki hii tu watu wanne wameniuliza "tunachanga pesa ya seva, tutumie namba ya nani?" Jibu ni hapana, isiwe namba ya mtu yeyote. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu wa programu huria (zile ambazo kila mtu anaweza kuzitumia, kuona zilivyoandikwa na kuzibadilisha) hapa Kisumu, tuko na wenzetu wa Maseno, Siaya, Kakamega mpaka Busia, na ningependa sana vikundi vingine visipitie tuliyopitia.

HATUA 1. Andikeni nani anafanya kazi gani. Ukurasa mmoja, uwekwe kwenye ripo, pale mtandaoni mnapohifadhi programu yenu.

HATUA 2. Sajilini kikundi. Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya 2022 inataka mfike watu 10. Enda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu na katiba, minitsi na orodha ya wanachama.

HATUA 3. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Waweka sahihi watatu, pesa isitoke mpaka wawili wakubali. Benki itataka cheti, katiba, vitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na minitsi zinazosema mlikaa mkaamua kufungua akaunti na mkawataja watakaosaini. Michango itumwe kwa peibili (namba ya malipo ya M-Pesa) ya benki, namba ya akaunti ikiwa ni ya kikundi.

Hapa ndipo niliharibu. Mwanzoni michango ilikuwa inaingia kwa laini yangu kwa sababu "tunakuamini dada", na kweli sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Siku moja watu 12 wakatuma 300 kila mmoja ya kulipia seva na domeini (jina la tovuti yetu), mimi niko Kibuye nanunua omena, simu iko kwa mkoba. Nilikuwa na deni la Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa) la 2,340 na nilikuwa nimelisahau. Pesa ikiingia kwa laini yenye deni inakatwa kwanza, ndivyo huduma yenyewe inavyofanya kazi, kosa lilikuwa langu kuchanganya. Kufungua simu naona ujumbe umeingia mbili mbili, umepokea 300, halafu 300 imelipa Fuliza, umepokea 300, 300 imelipa Fuliza. Badala ya 3,600 nikabaki na 1,260. Seva ilikuwa ilipwe jioni hiyo na sikuwa na ya kujazia mpaka mwisho wa mwezi, kwa hivyo ikazimwa, na mwenzetu mmoja akaomba taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, haki yake kabisa. Nikakaa usiku mbili na biro nyekundu nikitenga hii ni maziwa, hii ni nauli yangu, hii ni ya kikundi, na kuna mistari saba sikuweza kueleza mpaka leo. Nilirudisha pesa yote lakini wawili walitoka na hawajawahi kurudi, na mmoja wao ndiye alikuwa anajua ile programu yetu kuliko sisi wote.

Kwa hivyo TAFADHALI: hata wiki moja usikubali pesa ipitie kwako "kwa muda". Usikubali laini mpya iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako pia, hiyo bado ni laini yako, ukipoteza simu au ukilazwa hospitali kikundi kimekwama. Na mweka hazina asiwe ndiye anayeidhinisha malipo yake mwenyewe, hata kama ni ya chai.

HATUA 4. Amueni kabla ya kutumia. Sisi tumechukua desturi ya miradi ya Apache (shirika kubwa la programu huria), pendekezo likiwekwa wazi linapewa angalau saa 72 watu wapige kura. Kwetu mtu anaandika anataka kiasi gani na ya nini, anangoja hizo saa, kukiwa na pingamizi lenye sababu tunajadili. Kitu cha dharura chini ya 1,000 wawili wanaweza kukubali hapo hapo.

HATUA 5. Hesabu iwe wazi kwa wanachama wote. Tarehe, kiasi, ya nini, nani aliidhinisha, na ile code ya M-Pesa yenye herufi na namba 10 mwanzoni mwa ujumbe. Weka code tu, usiweke picha ya ujumbe wote, inaonyesha majina na namba za watu na tuko na sheria ya ulinzi wa data tangu 2019.

HATUA 6. Pesa za ng'ambo. Kama mradi wenu una wafadhili wa nje angalieni Open Source Collective, ni shirika liko Marekani, inawashikia pesa kwenye tovuti ya Open Collective na kukata asilimia 10. Mnaleta risiti, admini wenu anaidhinisha, wao wanalipa, na kila mtu duniani anaona. Bajeti muiandike kwa shilingi na muache nafasi, dola inapanda na kushuka.

HATUA 7. Paswadi za seva, domeini na ripo ziwe na watu wawili kwenda juu.

MASWALI

kijana_kondele: Lazima benki kweli? Si tutumie tu namba ya chair, ni mtu poa

Mwandishi: Soma hatua ya 3.

kijana_kondele: nimeona ni ndefu, nifupishie

Mwandishi: Hapana. Hiyo ndiyo sehemu iliyonipotezea watu. Isome.

njoro_dev: Sisi Nakuru tuko 6 tu, hatufiki 10. Tungoje?

Mwandishi: Msingoje ndugu yangu, kazi iendelee. Tafuteni kikundi kilichosajiliwa kiwashikie pesa, muandikiane karatasi inayosema ni kiasi gani, nani anaidhinisha, na mkitaka kuondoka mnaondoka nazo vipi. Hesabu yenu iwe na ukurasa wake. Mkitaka njoo inbox nikutumie karatasi tuliyotumia sisi.

bwana_risiti: Kwani mnalipana? Nilidhani programu huria ni kujitolea

Mwandishi: Onyesha mahali nimeandika mshahara. Tunarudisha nauli. Mtu akitoka Busia asubuhi kuja kurekebisha programu ya watu wote, nauli asitoe mfukoni kila mara, mwisho atachoka na ataacha.

akinyi_maseno: Dada asante. Nauliza, hii miradi mikubwa hupata wapi pesa? Ama wakubwa hawana shida kama zetu?

Mwandishi: Swali zuri sana Akinyi. Wanazo. OpenSSL inalinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, lakini lile kosa la Heartbleed lilipogunduliwa 2014 ilijulikana walikuwa wanapata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni yakaanza kutoa baada ya kushtuka. Halafu angalia karibu na nyumbani, OpenMRS, programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa, ilianza 2004 na 2006 ikaanza kutumika Eldoret pale AMPATH, ule mpango wa afya. Ilikuwa na taasisi nyuma yake tangu mwanzo, na wagonjwa halisi wanaoihitaji kila siku. Ukiandika ombi la ufadhili anza hapo, nani anatumia kitu chenu na kikizima kesho nani anaumia.

akinyi_maseno: Nimeandika hiyo kwa daftari. Na boda boda? Hawana risiti

Mwandishi: Mlipe kwa M-Pesa, code inatosha.

mama_vaucha: Ama ununue kitabu cha vaucha stationery, boda anasaini na namba ya pikipiki. Mimi nimefanya hivyo na chama miaka mingi.

Mwandishi: Asante mama, hiyo naiongeza kwa hatua ya 5.

njoro_dev: Nimeenda kuangalia hatua ya 7. Domeini yetu iko kwa email ya jamaa aliyeenda Qatar, na inaisha mwezi ujao

Mwandishi: Mpigie leo, usimwandikie. Aingie mkiwa kwa simu, abadilishe email ya mmiliki iwe ya kikundi, kisha wewe na mwingine muingie mhakikishe inafunguka kabla hajakata. Ukimkosa niambie usiku.

njoro_dev: Ameshika. Anasema yuko kazini, atoke saa tatu usiku

Mwandishi: Saa tatu basi. Niko.