Jinsi ya kubishana mpira wakati wa AFCON bila kuchekwa

Mashindano yakianza kila mtu anakuwa mchambuzi, hata yule shemeji ambaye mwaka mzima hajui Samatta anachezea wapi, na wala sio tatizo maana nusu ya raha ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) au Kombe la Dunia ni ubishi wa baada ya mechi. Ila ubishi wa mashindano sio kama wa ligi. Kwenye ligi unaropoka leo, mwezi ujao watu washasahau, mechi ziko kibao. Kwenye makundi mechi ni tatu tu, unasema kitu Jumatano, Jumapili kimekugeuka, na kuna mtu kakaa na skrinshoti anakusubiri. Sasa kwa wale wanaotaka kukaa kijiweni au kibanda umiza wakasikilizwa, mi nawaambia hivi.

Kitu cha kwanza kabisa, na hiki ndo watu wengi wanafeli, jua hesabu. Kwenye AFCON timu ziko 24, makundi sita, kila kundi timu nne. Wa kwanza na wa pili wanapita, hao kumi na wawili, halafu wanaongezwa wanne bora kati ya wale sita walioshika nafasi ya tatu, inakuwa 16 bora. Hapo kwenye hao wanne ndo ubishi wote unapozaliwa, na ndo sehemu ya kuonyesha kwamba umekuja umejiandaa. Wanapangwa kwa pointi, zikilingana tofauti ya magoli, zikilingana tena magoli ya kufunga. Ndani ya kundi ni kitu kingine, CAF, wale wakubwa wa soka la Afrika, wanaangalia kwanza nyie wawili mlipokutana nani alimfunga mwenzake, ndo baadae waje kwenye magoli. Ukichanganya hizo mbili mbele ya watu wanaojua umekwisha.

Mfano mzuri ni Kenya 2019 kule Misri. Walimaliza na pointi tatu, zile walizozitoa kwetu Tanzania (nitakuja huko, inauma), wakawa wa tatu kwenye kundi. Afrika Kusini nao walimaliza wa tatu kundi lao na pointi tatu hizo hizo. Lakini Afrika Kusini walikuwa na tofauti ya magoli -1, walifungwa moja moja tu, Kenya walikuwa na -4 kwasababu mechi ya mwisho Senegal waliwapiga tatu kipindi cha pili. Afrika Kusini wakapita, wakaenda kumtoa Misri mwenyeji palepale kwake 1-0, Kenya wakapanda ndege. Kwa hiyo mtu akikwambia "tukifungwa mbili au tatu si kufungwa tu", mpe hiyo habari. Kwenye mashindano goli la tatu dakika ya 85 ukiwa umeshafungwa lina bei yake, na kocha anayeingiza beki wakati timu iko nyuma 2-0 sio lazima awe mwoga, inawezekana anajua kuhesabu.

Na kinyume chake, Ivory Coast AFCON ya 2023 (ile iliyochezwa Januari 2024 kwao). Wamepigwa nne na Guinea ya Ikweta, kocha kaondolewa katikati ya mashindano, wamebaki na pointi tatu na -3, wamekaa nyumbani kwao wanasubiri makundi mengine yaishe. Wakaokolewa na Morocco waliomfunga Zambia 1-0, maana Zambia angepata sare tu angefika pointi tatu na tofauti ya magoli nzuri kuliko yao. Wakapita wa mwisho kabisa wakiwa na Emerse Faé kwenye benchi, wakawatoa Senegal kwa penati, Mali, Congo, wakabeba kombe kwa kumfunga Nigeria 2-1. Usiku ule wa Morocco na Zambia ndo usiku huohuo sisi tulikuwa tunacheza na Congo, saa tano usiku kwa saa zetu, mechi mbili kwa wakati mmoja. Sasa hapo ndo panahitaji akili: gawaneni. Mmoja aangalie mechi yenu, mwingine kwenye simu aangalie ile nyingine na atoe taarifa, sio wote mnaangalia moja halafu mnaulizana "kule ngapi ngapi". Na mwenye kutoa taarifa awe mtu mtulivu, sio anayepiga kelele kila kona.

Cha pili, angalia mechi. Najua inaonekana kichekesho kuiandika lakini nusu ya wabishi hawajaangalia, wamesoma matokeo na kipande cha sekunde thelathini. Kuwagundua ni rahisi, waulize dakika.

"Kocha kaua mechi."
"Kaua vipi, dakika ya ngapi?"
"Aah we acha tu, kaua."

Huyo hajaangalia. Aliyeangalia sare yetu na Zambia kwenye AFCON hiyohiyo ya 2023 anakwambia Msuva kafunga mapema dakika ya 11, Zambia wakabaki pungufu kabla ya mapumziko Kabwe alipopewa nyekundu, na sisi tukiwa kumi na moja tukaanza kurudi nyuma, tunarudi, tunarudi, mpaka dakika ya 88 Daka kapiga kichwa kikaingia. Hapo sasa kuna cha kubishania: turudi nyuma tulinde au tumalize mechi wenzetu wakiwa kumi? Huo ni ubishi wa maana, una pande mbili na kila upande una hoja. "Kaua" sio hoja. Ukiwa na dakika tatu nne kichwani, lini goli, lini sub, lini kadi, hakuna wa kukusumbua, hata yule mzee anayeanza kila sentensi na Taifa Stars ya AFCON 1980 kule Lagos. Na huyo mzee msikilize bwana, yeye ile aliifuatilia kwenye redio, sisi wengine tumeisikia kwake.

Sheria. Hapa ndo kelele zinakuwa nyingi kuliko kila mahali na ndo mahali pepesi kushinda. Watu mpaka leo wanasema Ghana, Kombe la Dunia 2010, walionewa na refa dhidi ya Uruguay. Hawakuonewa na refa. Suárez kazuia mpira kwa mikono mstarini, refa katoa kadi nyekundu na penati, sheria ilivyosema kafanya yote, Gyan kapiga penati ikagonga mwamba, basi. Unaweza kumchukia Suárez mpaka unaingia kaburini, hiyo ruksa, lakini refa muache. Nyingine ni lile goli la Japan kwa Hispania, Kombe la Dunia 2022, picha zote zilizosambaa zilionyesha mpira uko nje, majani yanaonekana kati ya mpira na mstari, watu wakatukana VAR (refa wa video) wiki nzima. Chukua mpira uweke nje kidogo ya mstari wa chaki halafu chuchumaa uangalie kwa pembeni, utaona uwazi. Sasa simama uangalie kutoka juu kabisa, tumbo la mpira bado limefunika mstari. Sheria inataka mpira wote uwe umevuka, na wote maana yake pamoja na lile tumbo. Ukifanya hivi kijiweni na mpira wa watoto wa jirani ubishi unaisha dakika mbili, nakuhakikishia. Halafu kuna Senegal, Kombe la Dunia 2018, waliotolewa na Japan kwa idadi ya kadi za njano, pointi sawa, magoli sawa, walipokutana sare. Hiyo itunze, kuna siku mtu atasema kadi ya njano haina madhara.

Simba na Yanga. Jamani. Hili najua nikisema mtanijia juu ila wakati wa Stars hizi mbili ziachwe nje. Mtu anamlaumu beki sio kwasababu kakosea, kwasababu ni wa upande ule. Beki wa timu yake akifanya kosa lilelile "kazidiwa na mchezo". Ukitaka kumjua mtu wa namna hii subiri kidogo, mwambie jina la mchezaji mwishoni, eleza kosa kwanza bila jina, "beki kapandisha mguu kizembe ndani ya boksi", akishakubali ni uzembe ndo umtajie nani. Raha yake utaipenda. Kwa mechi za wengine lakini klabu ziruhusiwe, tena zinaleta utamu, kwenye 16 bora 2024 Mali walicheza na Burkina Faso, huku golini Diarra, kule Aziz Ki, wote Yanga, kuna watu vibanda umiza walikuwa hawajui washangilie nini.

Majirani sasa. Ukiwa na Wakenya, jua kabisa 2019 itatajwa, Cairo, 3-2. Usikatae, usilete visingizio, wape dakika zao. Msuva dakika ya 6, Olunga karudisha 39, Samatta dakika moja baadae, tukaenda mapumziko tunaongoza, kipindi cha pili Omolo na Olunga tena. Ukiielezea wewe mwenyewe kabla yao unakuwa umewanyang'anya silaha, halafu ndo unawauliza kwa upole kundi walimaliza nafasi ya ngapi. Wao nao watakuletea CHAN (ile ya wachezaji wa ligi za ndani) iliyochezwa 2025, walivyomfunga Morocco 1-0 Kasarani wakiwa pungufu, na hapo kubali tu, ile ilikuwa mechi. Jibu lako ni kwamba robo fainali tulitoka wote, nyie kwa Madagascar kwa matuta, sisi kwa huyohuyo Morocco. Utani wa mpira uishie kwenye mpira lakini, mambo ya kutaja njaa za watu, kabila, siasa za nchi yao, hapo umeshatoka kwenye ubishi umeingia kwenye matusi na mtu akikuinukia usishangae.

Kuna hili la kuchelewa kwa picha, wengi hawalifikirii. Mwenye redio anasikia goli kabla, mwenye kisimbuzi anafuata, anayeangalia kwa bando kwenye simu yuko nyuma sana, wakati mwingine nusu dakika au zaidi. Sasa wewe wa kisimbuzi ukiandika GOOOOLI kwenye grupu, yule wa bando bado anaona mpira uko kwa kipa. Umemharibia. Kubalianeni kabla ya mechi, goli halitajwi mpaka mchezo uanzwe tena kati, na penati ndo kabisa kaeni kimya mpaka wote mfike. Wa bando nae azime taarifa za simu, sio analalamika tu.

Mikeka ikae kimya. Mtu aliyembetia Angola hawezi kukuchambulia Angola, unasikia kabisa sauti inatetemeka dakika ya 80. Muulize mapema kama ana mkeka, akiwa nao msamehe.

Mwisho, Stars ikitoka (tusijifiche, huwa tunatoka) chagua timu ya pili, na uitangaze kabla mtoano haujaanza. Sio fainali ndo unaibuka "mi toka mwanzo Ivory Coast". Ulikuwa wapi siku ya zile nne za Guinea ya Ikweta? Itaje mbele ya watu, sema sababu yako hata kama ni jezi tu, na ikitolewa umetolewa nayo, unabaki mtazamaji hadi kombe linabebwa. Anayeruhusiwa kubadilisha ni yule ambaye timu zake zote mbili zimetoka usiku mmoja, na huyo nae awe na mashahidi.