Somo: Kuchagua Stendi ya Mashine ya Santuri Isiyopitisha Mtikisiko

Sindano ya mashine ya santuri haiwezi kutofautisha mtikisiko ulioandikwa kwenye mfereji wa santuri na ule uliopanda kutoka sakafuni. Yote huisoma na kuipeleka kwenye amplifaya. Mfereji wenyewe una upana unaokaribia sehemu 50 za elfu ya milimita, na miondoko inayobeba sauti laini ni midogo kuliko hapo kwa mbali, kwa hiyo mlango unaobamizwa chumba cha pili ni jambo zito kwake. Tatizo huongezeka kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, kisha amplifaya ya fono (ile inayopokea sauti ya santuri) huikuza upya: kwenye herzi 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, hukuza karibu mara tisa zaidi ya inavyokuza kwenye herzi 1000. Ndiyo maana utaiona koni ya spika ikienda mbele na nyuma taratibu hata wakati husikii chochote, huku nguvu za amplifaya zikipotea bure.

Hatua ya kwanza: tafuta chanzo. Mashine ikiwa imezimwa na sahani inayozungusha santuri imesimama, weka sindano juu ya santuri, kisha pandisha sauti kidogo kidogo bila kuondoa mkono kwenye kitufe. Gonga rafu kwa kifundo cha kidole. Mwombe mtu apite karibu, washa pampu ya maji, washa kiyoyozi, subiri lori lipite barabarani. Ukisikia mvumo unaoanza wenyewe na kukua, shusha sauti mara moja, kwa kuwa spika inaitikisa sindano na sindano inaurudisha mtikisiko huo kwenye spika.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani wanaoishi kwenye nyumba zenye sakafu za mbao, ambako kila hatua ya mtu hutikisa chumba kizima. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina sakafu ya zege. Kwetu nyayo si adui mkubwa. Maadui ni spika, pampu, jenereta, na kiyoyozi kilichofungwa kwenye ukuta uleule.

Hatua ya pili: itenganishe na spika. Usitoe hata shilingi kabla ya kufanya hivi. Mashine isikae kwenye kabati moja na spika, wala isikae kwenye kona ya chumba, kwa sababu besi hujikusanya konani.

Hatua ya tatu: ijue mashine yako. Kuna mashine zinazoning'inia juu ya springi zake za ndani, kama Linn LP12 iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, na kuna mashine za umbo moja gumu, kama Technics SL-1200 ya mwaka huohuo. Ya springi hupenda stendi nyepesi na imara isiyocheza. Ukiiongezea springi nyingine chini, springi zitavutana na mkono unaobeba sindano utayumba. Ile ngumu ndiyo inayonufaika na uzito pamoja na kitu laini chini yake.

Hatua ya nne: chagua stendi. Kwa nyumba ya chini yenye sakafu ya zege sioni haja ya kutoboa ukuta. Mafundi seremala wa Keko watakutengenezea meza fupi ya mninga au mkongo, yenye miguu minene na isiyo na droo. Epuka bodi za vumbi la mbao: unyevu wa pwani huzivimbisha, na baada ya muda hubonyea katikati. Juu ya meza weka kipande cha graniti kilichobaki kwa mafundi wa kaunta za jikoni. Chenye sentimita 50 kwa 40 na unene wa sentimita 3 kina uzito wa kilo 16 hivi. Kigonge kwanza: graniti tupu hulia kama kengele, kwa hiyo tandika mpira chini yake hadi mlio ukatike.

Rafu ya ukutani inafaa pale sakafu inapocheza. Chagua ukuta usio na kiyoyozi wala bomba la pampu. Fundi anapotoboa, tazama vumbi linalotoka: likiwa mchanga mtupu usioshikamana, tofali ni dhaifu, na bolti za kupanuka zitalivunja, afadhali bolti zipite upande wa pili na kukazwa kwa washa pana.

Hatua ya tano: springi au mpira. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kitu laini hukinga kuanzia mara 1.4 ya mtikisiko wake wa asili, yaani kasi kinayotikisika nayo chenyewe kikiguswa na kuachwa. Chini ya hapo hakikingi, na karibu na mtikisiko huo huongeza. Pima springi zinavyobonyea mashine ikikaa juu yake. Zikibonyea milimita 3, mtikisiko wake wa asili ni herzi 9 hivi, na huo ni mbaya kuliko kukosa springi kabisa, kwani mkono na kichwa cha sindano vyenyewe kwa kawaida hutikisika kati ya herzi 8 na 12. Zikibonyea milimita 10 utashuka hadi herzi 5, na kwa milimita 25 hadi herzi 3.

Mwisho, weka pima maji juu ya sahani yenyewe, si juu ya rafu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nimepanga ghorofa ya tatu Upanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Nifanyeje?*

Marahaba. Weka stendi nzito karibu na nguzo au ukuta unaobeba jengo, kwani zege la ghorofa hupinda zaidi katikati ya chumba. Juu yake weka graniti, na chini ya graniti springi zinazobonyea milimita 10 au zaidi.

*Ndugu mwalimu, misumari ya ncha chini ya stendi inasaidia kwenye marumaru?*

Haizuii mtikisiko, kazi yake ni kuishikiza stendi ili isiyumbe, hasa juu ya zulia. Kwenye marumaru itakwaruza tu. Tumia mpira.

*Kaka, mimi nina mvumo usiokoma hata nikiweka mashine chini sakafuni.*

Inua sindano. Mvumo ukibaki, stendi haihusiki: angalia waya wa ethi kati ya mashine na amplifaya.

*Napiga santuri kwenye sherehe, na jukwaa ni la mbao lenye uwazi chini. Besi ikipanda, kila kitu kinavuma.*

Usiiweke mashine jukwaani. Omba meza isimame ardhini pembeni, weka juu yake bamba la zege lenye springi chini, na spika za besi ziwe mbele yako. Kama mikisa yako (mashine ya kuchanganyia sauti) ina kitufe cha kukata besi ya chini kabisa, kiwashe kwenye chaneli ya santuri pekee.