Kuzuru mahekalu ya Bagan: nyayo tupu, tochi na siku mbili

Bagan iko kando ya mto Ayeyarwady, katika ukanda mkavu wa katikati ya Myanmar. Tangu Anawrahta ashike ufalme mwaka 1044 hadi karne ya 13, wafalme na matajiri wake walijenga mfululizo, na leo uwanda ule una majengo ya Kibuddha zaidi ya 3,500, karibu yote ya matofali. Huwezi kuyamaliza. Anayekimbilia mahekalu 30 kwa siku huishia kuona matofali tu. Majengo manane kwa siku mbili yanatosha, mradi uyapange kwa kufuata mwanga na joto.

Kwanza usalama. Tangu mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021 kuna vita katika maeneo mengi ya nchi, kwa hiyo soma tahadhari za serikali yako kabla ya kulipa nauli, na ulizia hali ya njia ya kufika Bagan kwenyewe. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, kama Kenya au Uganda, abebe kadi ya chanjo. Dola ziwe noti safi zisizokunjwa wala kuandikwa. Noti yenye mkunjo mmoja inaweza kukataliwa.

Nenda kati ya Novemba na Februari. Aprili joto hupita nyuzi 40, na litakaloanza kukushinda ni sakafu. Ndani ya eneo lolote takatifu unatembea pekupeku, bila hata soksi, na viatu huvuliwa kwenye lango la ua, si mlangoni pa hekalu. Kati ya lango na mlango kuna ua wa mawe au vigae uliochomwa na jua. Ndiyo maana mizunguko hufanywa saa 12 hadi saa 4 asubuhi, kisha kuanzia saa 9 alasiri. Vaa ndala, maana utavua na kuvaa mara nyingi. Ziweke kwenye mfuko uingie nazo: mahekalu makubwa yana milango minne, na ukitokea upande usiouingilia utalazimika kuzunguka ua wote kuzifuata. Beba pia kitambaa chenye maji, kwani mahekalu madogo yana miiba na vinyesi vya popo.

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake. Longyi inayouzwa kila soko pale haina tofauti kubwa na kikoi, na kikoi chako kitafaa vilevile. Ukikaa mbele ya sanamu, kunja miguu ielekee nyuma. Kumwelekezea Buddha nyayo ni tusi. Usipige picha ukiwa umempa mgongo kwa mzaha. Ukizunguka, jengo liwe mkono wako wa kulia.

Kwa usafiri, kodi pikipiki ya umeme. Kabla ya kuondoka jaribu breki zote mbili, tazama chaji, na uchukue namba ya simu ya mwenye nayo. Chaji ikifika nusu, anza kurudi. Njia za kati ya mahekalu ni za mchanga, na wengi huanguka kwa kubana breki ya mbele tairi likiwa limezama. Punguza mwendo kabla ya kuingia mchangani, shika usukani bila kuukaza, na ukishindwa shuka usukume.

Siku ya kwanza anza na Ananda, mashariki ya ukuta wa Bagan ya Kale. Ndani wamesimama Mabuddha wanne wa mbao, kila mmoja karibu mita 9.5, akitazama upande wake wa dunia. Wa kaskazini na wa kusini ndio wa asili. Wa mashariki na magharibi waliwekwa badala ya walioungua. Usiishie miguuni pa yule wa kusini. Mtazame ukiwa karibu, kisha rudi nyuma taratibu hadi mlangoni: uso unaoonekana mzito unageuka tabasamu. Madirisha ya juu yamepangwa ili mwanga uangukie nyuso hizo. Kutoka hapo nenda Dhammayangyi, kubwa kuliko yote, ambayo ushoroba wake wa ndani umezibwa kwa matofali, kisha Sulamani ya mwaka 1183, iliyopoteza kilele chake katika tetemeko la Agosti 2016. Alasiri malizia Shwezigon. Hiyo ni stupa, jengo lisilo na chumba cha kuingia, hivyo unaizunguka tu, na jua la jioni huitendea haki dhahabu yake.

Siku ya pili ni ya kijiji cha Myinkaba, na hapa usiwe na haraka. Gubyaukgyi ya mwaka 1113 ina michoro ya ukutani ya maisha ambayo Buddha aliyaishi kabla ya kuzaliwa kwake mara ya mwisho, na madirisha yake ya mawe yaliyotobolewa huingiza mwanga kidogo sana. Bila tochi hutaona kitu. Imulike kwa ubavu, si moja kwa moja. Picha haziruhusiwi, na usiguse: jasho la vidole hula rangi. Jirani yake ni pagoda ya Myazedi, yenye jiwe la maandishi kwa lugha nne: Kipali, Kipyu, Kimon na Kiburma. Jiwe hilo ndilo lililowawezesha wataalamu kuanza kusoma Kipyu, lugha iliyokwisha kufa. Endelea hadi Manuha, ambapo sanamu zimejaa vyumba hadi mabega yanakaribia kuta. Kwa mapokeo, aliyeijenga alikuwa mfalme mateka. Nyuma yake, Nanpaya ina nguzo za mawe zilizochongwa sura za Brahma, mungu wa Kihindu.

Ukikuta hekalu dogo limefungwa, uliza nyumba za karibu. Mara nyingi mwenye ufunguo yupo, na mchango mdogo ni haki yake.

Kupanda juu ya mahekalu kumepigwa marufuku, hata ukiambiwa na kijana wa pale kwamba anajua ngazi ya siri. Matofali yaliyotikiswa na matetemeko hayabebi tena uzito wa watu, na wapo walioanguka wakafa. Kwa machweo kuna vilima vya udongo vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Fika nusu saa kabla, na taa ya pikipiki iwe imekaguliwa, maana kurudi ni gizani.