Kufunga GPS na skrini kwenye pikipiki bila kuua betri wala kumuumiza dereva

Wadau wenye pikipiki za mkataba na nyie mnaoendesha za kwenu, naandika hii kwa sababu kila mara nakutana na mtu amefungiwa GPS, pikipiki ikaibwa na GPS haikusaidia chochote. Mi mwenyewe yangu ya kwanza, Boxer 150, iliondoka hivohivo usiku nje ya nyumba Mbagala. Kifaa kilikuwa kimebanwa kwa tepu chini ya siti, mwizi kafungua siti kakata waya, na mi asubuhi nafungua simu ramani inaniambia pikipiki iko mlangoni kwangu. Inauma sana, hasa ukifikiria dereva naye kakosa kazi siku hiyohiyo.

Kwahiyo kitu cha kwanza ushike hiki: skrini ya ramani ni ya kuonekana, GPS ni ya kufichwa, na hivi viwili visile umeme kwenye waya mmoja. Mafundi wengi wanachukua umeme wa GPS kwenye waya wa chaja ya simu pale usukanini kwa sababu ni karibu na ni rahisi, sasa mwizi akivuta ile chaja tu amezima kila kitu. GPS ichukue umeme wake moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake ndogo ya amp 1 au 2 karibu kabisa na betri. Skrini au chaja ichukue kwenye waya unaowaka ukifungua swichi, na yenyewe iwe na fyuzi yake, amp 3 inatosha.

Hapo kwenye betri tulia kidogo upige hesabu. GPS haizimi, inakula umeme mchana na usiku. Tuseme yako inakula miliamp 30, mara masaa 24 ni 720, yaani 0.72Ah kwa siku (Ah ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Betri ya pikipiki ya 5Ah ikiwa mpya na imejaa itakata baada ya wiki hivi, na ikiwa ya zamani siku 3 tu unaweza ukakuta haishtui hata honi. Boda inayotembea kila siku haina shida, inajichaji. Ila kama unasafiri kwenda kijijini wiki 2, nunua GPS yenye uwezo wa kulala pikipiki ikisimama, au mwambie mtu aiwashe kila baada ya siku 2. Na hakikisha ina betri yake ya ndani, ili mwizi akikata waya iendelee kutuma kwa muda na ikupe ujumbe kwamba umeme umekatwa. Ya kwangu ile haikuwa nayo.

Laini sasa. Sajili kwa jina lako mwenyewe kwa alama za vidole, usikubali laini ya fundi hata akisema ni bure, maana mwenye laini ndo mwenye pikipiki ukifika kwenye shida. Kabla hujaiweka kwenye GPS iweke kwenye simu ya kawaida, toa PIN, weka bando, weka na salio kidogo la SMS. GPS za bei nafuu nyingi ni za 2G kwahiyo haihitaji bando kubwa, shida ni watu kusahau kuliweka. Afu APN, yaani jina ambalo kifaa kinatumia kuingia intaneti ya laini, uulize mtandao wako, Safaricom kwa wenzetu wa Kenya ni neno safaricom tu, ukikosea herufi moja kifaa kitakujibu SMS vizuri ila kwenye ramani hakionekani.

Kuficha: bati na chuma vinazuia mawimbi, plastiki inapitisha. Kwahiyo chini ya tanki la chuma hapafai, karibu na injini hapafai kwa sababu ya joto, na chini ya siti ndo wanapoanza kupekua. Angalia plastiki za pembeni, za mkiani, za kwenye taa ya mbele. Upande wenye antena uangalie juu, kwenye karatasi yake wanaonyesha ni upande gani. Funga na sponji isigongegonge, zungushia tepu ileile nyeusi ya wayaringi ya kiwandani ili ionekane kama waya wa kawaida. Sehemu kamili chagua mwenyewe na simama hapohapo fundi anapofunga, usiache pikipiki ukaenda kula.

Sasa kuzima injini kwa simu, hapa ndo pana hatari na hapa ndo naomba usome taratibu. Kinachozima ni rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, ile ya 12V yenye miguu mitano. Mguu 85 na 86 ni koili, mmoja unaenda kwenye chanya na mwingine kwenye waya wa amri wa GPS (mara nyingi wa njano, ila rangi zinabadilika, soma karatasi). Rilei ikiwa imelala, 30 na 87a zimegusana, ikipata umeme 30 inahamia 87. Mwambie fundi apime kwanza CDI ya pikipiki yako (kile kiboksi kinachopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) inatumia umeme gani: fungua swichi bila kuwasha, gusa waya unaoingia CDI kwa taa ya kupimia, ikiwaka ina maana CDI inalishwa na betri. Hiyo unakata huo waya, ncha moja kwenye 30 nyingine 87a. Taa isipowaka, CDI huwa inalishwa na koili ya kwenye injini, na hapo ukikata waya wa swichi unajidanganya, injini inaendelea kuunguruma. Ya namna hiyo inazimwa kwa kupeleka ule waya wa kuzimia, unaotoka CDI kwenda kwenye swichi, kwenye bodi (chuma cha pikipiki), kwahiyo 30 kwenye waya wa kuzimia na 87 kwenye bodi, bila kukata kitu. Nimefundisha vijana 3 hii na wote walikuwa wanakata tu kila pikipiki kwa namna moja.

Uzuri wa kufunga hivi ni kwamba GPS ikifa au fyuzi yake ikikata, rilei inabaki imelala na pikipiki inaendelea kutembea. Ukiona fundi amefunga kinyume, yaani rilei lazima iwe na umeme ndo injini iwake, mwambie arudie. Siku GPS ikizingua dereva yuko Kilwa Road katikati ya malori na abiria nyuma, injini inakufa ghafla, fikiria hapo. Kwa sababu hiyohiyo usitume amri ya kuzima pikipiki ikiwa inatembea, hata kama aliyekalia ni mwizi, maana nyuma yake kuna gari na pembeni kuna watu wanavuka. GPS nyingine unaweza kuiambia isubiri mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa, kama yako inayo washa. Na kuzima injini kwa sababu dereva hajaleta hesabu ya jana, tafadhali usifanye, mpigie simu muongee.

Ukimaliza kufunga badilisha namba ya siri palepale. GPS nyingi zinatoka kiwandani na 123456, na mwenye kujua namba ya laini yako na hiyo 123456 anaweza kutuma stop123456 akazima pikipiki yako. Kwenye zinazotumia amri za namna hii unatuma password123456, unaacha nafasi, unaandika namba mpya, afu admin, namba mpya, nafasi, namba yako ya simu. Hili sio la kutishana, Julai 2022 taasisi ya usalama wa mitandao ya Marekani, CISA, ilitoa onyo kuhusu GPS aina ya MiCODUS MV720, kifaa cha dola 20 hivi, baada ya watafiti wa BitSight kukuta mtu wa mbali anaweza kuingia, kufuatilia gari na hata kukata mafuta.

Skrini haina mengi. Kuna zinazokuja nayo kiwandani, TVS Ntorq 125 ilitoka India 2018 na dashibodi inayoongea na simu kwa Bluetooth, ila Boxer na TVS HLX zetu tunajifungia. Ukiweka simu yenyewe usukanini jua mtikisiko unaua kamera, Apple walitoa onyo Septemba 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, kwahiyo tafuta kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko. Mi napendelea skrini ya pembeni inayoonyesha ramani huku simu iko mfukoni, maana kwenye foleni simu inanyakuliwa. Iwe ya kuzuia maji, iwe na mwanga wa kuonekana jua la saa saba, na geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho kabla hujakaza waya, usije ukakatika kwenye kona.

Dereva aambiwe kwamba kuna GPS, sio mahali ilipo, ila aambiwe ipo. Ni haki yake, na sheria ya taarifa binafsi Tanzania inafanya kazi tangu Mei 2023. Andikeni kwenye mkataba.

Na ikiibwa: piga picha ya ramani yenye saa, kata RB (ile namba ya taarifa ya polisi) kituo cha karibu, kadi ya pikipiki na namba ya chesesi uwe umeshazihifadhi kwenye simu, afu nendeni na askari. Usiende na vijana wa kijiweni, aliyekalia pikipiki muda huo anaweza kuwa mtu aliyeuziwa asubuhi hajui chochote, na mkifika kwa hasira mtamuua. Ramani ikionyesha mwendo sifuri kwa dakika kadhaa, hapo ndo tuma stop.