Fundi wa karakana, jilinde: kuanzia swichi ya mashine hadi chama

Mwongozo huu ni wa wenzangu wanaokereza, kutoboa na kusaga vyuma huku Nairobi, Industrial Area na Kariobangi Light. Mimi ni fundi wa mashine na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini. Nimeona mafundi hodari wakikosa fidia kwa sababu tu hakuna kilichoandikwa, na jambo hilo linaniuma.

Hatua ya 1: Kabla ya kuwasha

Vua pete, saa na kamba ya kitambulisho. Funga vifungo vya ovaroli. Kwenye lethi, yaani mashine ya kukerezea, usivae glavu kabisa. Wengi hudhani glavu ni kinga popote, lakini chuma kinachozunguka huinasa upesi, na mkono hufuata. Ukishakaza kazi yako, ondoa ufunguo wa kukazia papo hapo, kwani mashine ikiwaka nao ukiwa bado pale hurushwa kwa nguvu ya kuvunja taya. Nyuzi za chuma ziondoe kwa kulabu, mashine ikiwa imesimama.

Hatua ya 2: Wakati wa kurekebisha

Zima swichi kuu, itie kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe unayeingiza mkono. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili uhakikishe mashine haina umeme. Kibao cha "usiwashe" peke yake hakitoshi.

Hatua ya 3: Kinga ikikosekana, andika

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri azibe sehemu hatari za mashine na akupe vifaa vya kujikinga bila kukukata mshahara. Ukiona hatari kubwa, mwarifu supavaiza. Mwajiri haruhusiwi kukurudisha hapo hatari ikiwa bado ipo. Mwambie kwa mdomo, halafu mtumie ujumbe wa simu. Mfano: "Leo saa mbili asubuhi mashine ya kutoboa namba 4 haina kifuniko cha mkanda. Naomba irekebishwe kabla sijaendelea." Piga na picha. Ujumbe wenye tarehe haukanushiki kirahisi.

Hatua ya 4: Kamati ya usalama

Mkiwa 20 au zaidi, kamati ni lazima kisheria, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao humo. Ulizeni ilikutana lini.

Hatua ya 5: Chama

Kwangu hii ndiyo nguzo. Anayelalamika peke yake huitwa mkorofi. Mkilalamika kumi, meneja anaita kikao. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kujiunga na chama, na Sheria ya Ajira inasema uanachama si sababu halali ya kufutwa kazi. Sajilianeni kimya kimya kwanza: mkiwa wengi kuliko nusu ya wafanyakazi wanaoweza kuwa wanachama, mwajiri analazimika kukitambua chama kwa ajili ya majadiliano. Kama hamjui ni chama gani kinachowahusu, nendeni mkaulize COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Gikomba.

Hatua ya 6: Ukiumia

Hospitali kwanza. Daktari aandike kwamba umeumia kazini na ni kwa mashine gani. Ukishinikizwa useme ulianguka nyumbani, kataa, hata kama ni bosi anayekulipia bili. Mwarifu mwajiri ndani ya saa 24, wewe mwenyewe au mwenzako kwa niaba yako. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, mwajiri naye ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12. Fomu ya ajali ina sehemu ya mwajiri na ya daktari. Hakikisha zote mbili zimejazwa. Mwajiri akikaidi, nenda mwenyewe kwenye ofisi za Mkurugenzi huyo, Safety House, Commercial Street, ukiwa na mwakilishi wako.

Usitie sahihi karatasi yoyote ya "tumemalizana" kabla chama hakijaisoma. Nakala za kila kitu mwachie mtu wa nyumbani, kwa sababu simu hupotea.